Jaji hakuwa kwenye kilio chenu

Tangu nistaafu, watu wa avenyu yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, wamenifanya ofisi. Naweza kuwa uani natwanga sombe, mtu anapiga hodi na bahasha ya kaki kwapani: "Mama Grefye, niangalizie hii." Ndani kuna hukumu ya kurasa kumi au kumi na mbili, bado ngumu, haijafunguliwa hata mara moja. Alichokisikia mwenyewe ni mistari ya mwisho tu, siku iliposomwa ukumbini, kisha akatoka nje akiwaambia ndugu zake kwamba jaji amekula pesa.

Sitawafanya majaji malaika. Kuna kesi zilizonuka, na aliyefanya kazi kule ndani anaijua harufu yake. Lakini nikizikumbuka dosye, yaani majalada ya kesi, zilizopita mikononi mwangu, wengi walioshindwa hawakushindwa na bahasha ya rushwa. Walidhani jaji anajua wanachokijua wao.

Nilikuwa karani, ndiyo grefye, kwenye Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi, upande wa kesi za madai. Kwa asiyezijua ngazi: chini iko mahakama ya amani, Tripe kama tunavyoiita mjini, juu yake TGI (Tribunal de grande instance), ambako kesi za hati za nyumba na viwanja huanzia, juu ya TGI ndiyo sisi, na juu yetu, Kinshasa, iko Mahakama ya Kasasyo, inayoweza kuvunja hukumu zetu. Zamani Katanga ilipokuwa jimbo moja, kabla ya kugawanywa mwaka 2015, hata mtu wa Kolwezi alileta rufaa yake hapa. Ungewakuta wamefikia kwa ndugu zao kwenye mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya wakisubiri kikao, na kikao kikiahirishwa wanaanza kuchangisha nauli ya kurudi.

Nitaeleza kesi moja, kwa sababu sheria bila kesi haimwingii mtu. Nimegeuza vitu vidogo ili familia isitambulike. Vikao vyenyewe vilikuwa vya wazi.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliacha nyumba Kampemba, hapa hapa mjini. Watoto walibaki nayo, karatasi yao ikiwa ile fishi ya parseli, yaani ya kiwanja, inayotolewa na komini, ofisi ya serikali ya sehemu ile ya mji. Siku moja akatokea bwana mmoja na hati ya usajili, sertifika, yenye jina lake, pamoja na mkataba wa mauzo uliotiwa saini na marehemu. Saini ilikuwa safi. Tarehe ndiyo iliyokuwa na neno: mkataba ulisema mzee aliuza nyumba miezi minne baada ya kuzikwa.

Ungedhani kesi imeisha hapo. Watoto nao walidhani hivyo. Walipofika TGI wakasema: "Baba alikuwa amekwisha kufa, ulizeni mtaa mzima." Na kweli mtaa mzima ulikuwa kwenye kilio. Kwaya iliimba usiku kucha, chifu wa mtaa alihutubia, wenzake wa reli walikula bukari pale uani. Wakakaa chini, wakingoja. TGI ikampa nyumba yule bwana wa sertifika.

Dosye iliponifikia kwa rufaa niliisoma hukumu hiyo ya chini, na nikiwa mkweli sikuona la kuicheka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Leta, yaani serikali, na haki ya mtu kwenye parseli aliyopewa inathibitishwa na hati ya usajili. Mmoja alikuwa nayo. Wengine walikuwa na fishi ya komini na maneno. Kwenye karatasi ya kikao, karani mwenzangu wa TGI alikuwa ameandika kwamba mahakama iliwauliza: mna cheti cha kifo? Wakili wao wa wakati huo akaomba muda akilete. Kikao kilichofuata hakukileta. Kilichofuata tena, kesi ikafungwa.

Watu hukasirika nikiwaambia hili, lakini jaji hana ruhusa ya kuhukumu kwa alichokiona mwenyewe mtaani. Hata kama mmoja wa majaji angekuwa amepita Kampemba siku ile na kuliona jeneza kwa macho yake, asingeweza kuandika "mahakama inajua kwamba mzee alikufa". Upande wa pili ungeuliza: ameapishwa lini kuwa shahidi? Nani alimhoji? Kinachojengewa hukumu lazima kiwe kimewekwa mezani, pande zote mbili zikione na kukijibu. Na jaji mwenye undugu na upande mmoja, au uadui nao, au aliyekwisha kutoa ushauri kwenye shauri hilo, sheria inamtaka ajiondoe, na asipojiondoa, upande mwingine una njia ya kumkataa. Wengi wanaolia kwamba jaji ni shemeji wa fulani hawajawahi kuitumia njia hiyo. Wanalia nje, chini ya miti.

Watoto wakabadilisha wakili. Wa pili alikuwa binti mdogo tu kwa umri, lakini mkali. Kabla ya kugusa sheria yoyote aliwaambia walete sanduku la baba. Ndani ya kitabu cha nyimbo ikapatikana ruhusa ya maziko, imekunjwa mara nne, na risiti ya makaburi. Cheti cha kifo hakikuwapo, kwa sababu hakuna aliyekwenda komini kuandikisha kifo, kama ilivyo kwa familia nyingi hapa kwetu. Basi akawapeleka kwanza Tripe, kuomba ile hukumu inayoshika nafasi ya cheti pale ambapo kifo hakikuandikishwa kwa wakati. Ndipo akaja kwetu.

Rufaa ya madai ina siku 30, zinazohesabiwa tangu ulipokabidhiwa hukumu rasmi. Ya jinai ni fupi zaidi, siku 10 tu baada ya hukumu kutamkwa, na hapo ndipo wengi huachwa. Ukifika kwetu, lazima dosye iwe na nakala rasmi ya hukumu unayoilalamikia. Usicheke. Nimeona rufaa nzuri, zenye haki tupu, zikitupwa nje bila kuguswa kwa sababu nakala hiyo haikuwamo au haikuwa sahihi. Mahakama haiwezi kurekebisha kitu ambacho hakijaletwa mbele yake.

Siku ya kikao, orodha ya kesi inabandikwa nje, na kesi zetu zinaanza na herufi RCA. Uisye, tarishi wa mahakama, anapaza sauti, "La Cour!", wote wanasimama. Wanaingia watatu, maana Mahakama ya Rufaa inaketi na majaji watatu, wa katikati akiwa ndiye rais wa kikao. Mwakilishi wa ofisi ya mwendesha mashtaka ana kiti chake, na mimi pembeni na kalamu yangu. Kila neno rasmi ni la Kifaransa. Mama wa watu anajibu kwa Kiswahili, bibi kizee kwa Kisanga au Kiluba, mkalimani anageuza, na mimi naandika kilichogeuzwa.

Karatasi ya kikao ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nitajisifu kidogo: mwandiko wangu ulisomeka. Tarehe, majina ya majaji, nani amefika na nani hakufika, nani aliomba nini, mahakama ilijibu nini, kisha saini ya rais na saini yangu. Wakili anaweza kunguruma nusu saa hadi joho limpande shingoni; kisipoingia kwenye karatasi ile au kwenye maandishi aliyoyaweka mezani, kesho yake hakipo. Mawakili wazuri wanalijua hilo. Huzungumza kwa ufupi, halafu wanainama kwa karani na kunong'ona, "Mama, umeandika kwamba nimeweka nyaraka namba tano?"

Kesi yetu ilikwenda vikao kadhaa, kisha ikarudi mwanzo. Rais wa kikao alihamishiwa jimbo lingine, na majaji wanaohukumu lazima wawe walewale waliosikiliza. Akiingia mpya, mjadala unafunguliwa upya: wanaitwa tena, wanaeleza tena. Wale watoto walinung'unika sana, na mimi niliwaelewa, lakini fikiria mtu akupokonye nyumba bila kukusikia hata siku moja.

Wakili wa yule bwana hakulala. Alianza na mapingamizi ya umbo, kama kawaida ya mawakili wa mji huu. Kwanza, binti mkubwa wa marehemu hana uwezo wa kusema kwa niaba ya wenzake. Pili, madai yao hayaeleweki. Wanalitaja pingamizi hilo kwa Kilatini, obscuri libelli, na kuna wakili mmoja aliyelitoa kwenye kila kesi niliyomwona, hata pale ambapo mtoto wa shule angeelewa kinachodaiwa. Tatu, ndipo lilipokuwa jiwe: hati ya usajili ikishapita miaka miwili tangu itolewe, sheria inasema haishambuliwi tena. Na sasa, bwana, imepita mingapi?

Ukumbi ukawa kimya. Yule binti wakili akasimama na karatasi moja, ile hati ya kwanza kabisa ya kumwita yule bwana TGI, ikiwa na mhuri na tarehe. Miezi kumi na tisa baada ya sertifika kutolewa. Akasema, muda unahesabiwa hadi siku tuliyogonga mlango wa mahakama, si hadi siku mahakama itakapomaliza. Akakaa. Nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Majaji hawakuhukumu siku hiyo. Walitoa kwanza amri ya kati: ofisi ya hati za ardhi ilete dosye nzima iliyotumika kutengeneza sertifika. Ikaja, ikiwa na mkataba wenyewe, si kopi. Na kwa kuwa ofisi ya hati ni ya Leta, mwendesha mashtaka naye akatoa maoni yake kwa maandishi. Wengi wanadhani maoni hayo ndiyo hukumu inayokuja. Sivyo. Nimeyaona yakifuatwa, na nimeyaona yakiwekwa kando kwa heshima zote.

Kisha rais anasema kesi imechukuliwa kwa kutafakariwa, na hapo mlango unafungwa. Karani haingii. Kilichosemwa mle ndani ni siri, na siri hiyo inamfunga kila mmoja hadi kaburini. Hukumu zetu hazisemi nani alikubali na nani alikataa. Lakini taratibu zake si siri, ziko kwenye sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inayopanga mahakama. Kila jaji anatoa maoni yake, na rais anasema wa mwisho. Ukikulia kwenye familia zetu utaelewa kwa nini: mkubwa akitangulia kusema, nani mdogo atampinga? Wakitofautiana, wengi wanashinda. Na kwenye jinai kuna kanuni ninayoipenda: maoni yakigawanyika sehemu tatu, yule aliyekuwa mkali zaidi kwa mshtakiwa ndiye anayelazimika kuacha yake na kujiunga na mmoja wa wenzake.

Baadaye mmoja anapewa kazi ya kuandika. Hapo ndipo nilipokuwa nakutana tena na kesi, kwa sababu rasimu ilikuja kwangu ichapwe. Majina siyataji na kilichokatwa sikisemi, lakini karatasi zenyewe naziona hadi leo: aya ya mkono mmoja kwa wino wa bluu, pembeni mkono mwingine kwa wino mweusi umeandika "kwa nini?", chini yake sentensi nzima imefutwa na kuanzwa upya. Ile "kwa nini?" ilinifundisha kuliko semina zote nilizopelekwa. Jaji anaweza kuwa na uhakika moyoni, halafu akishika kalamu anagundua hana cha kuuegemeza. Nimewaona waliotoka chumbani na jibu moja, kisha wakarudi chumbani kwa sababu jibu lilikataa kuandikika.

Na lazima liandikike. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 21, inataka kila hukumu iwe ya maandishi, iwe na sababu, na itamkwe hadharani. Ndiyo maana ni ndefu. Kila hoja ya mawakili iliyowekwa kwa maandishi inadai jibu lake, hata ile ya kipuuzi, kwa sababu hoja isiyojibiwa ni mlango ambao kesho Kinshasa itaingilia kuivunja hukumu nzima.

Hukumu ya kesi ile ilitembea hivi. Rufaa imeletwa ndani ya muda na nakala rasmi imo: inapokewa. Binti mkubwa ni mrithi, na mrithi anaweza kuitetea mali ya urithi: pingamizi la kwanza linaanguka. Madai yanaeleweka, kwani upande wa pili umeyajibu kwa kurasa saba: la pili linaanguka. Hapo nilitabasamu nikichapa. Miaka miwili haikuwa imetimia siku madai yalipoletwa: la tatu nalo. Ndipo wakaingia kwenye kiini. Wakaiweka ruhusa ya maziko kando ya risiti ya makaburi, na zote mbili kando ya hukumu ya Tripe. Wakili wa bwana alikuwa amesema karatasi ya Tripe ilitafutwa kwa mahitaji ya kesi. Wakamjibu kwa upole: huenda, lakini ruhusa ya maziko na risiti ni za siku za kifo chenyewe, kabla mtu yeyote hajagombana, na tarehe zake zinakubaliana. Kisha mkataba wa mauzo na tarehe yake. Mtu aliyezikwa hauzi nyumba. Mkataba hauna nguvu, na sertifika iliyozaliwa nao inafutwa.

Yale ya mtaa mzima kuwa kwenye kilio hayakutajwa hata kwa nusu mstari.

Nikisoma hukumu za watu uani kwangu sasa, ninaanzia hapo katikati, kwenye "kwa kuwa" na "kwa kuwa". Mtu anataka kujua tu kama aende rufaa. Namwambia, tafuta mahali mahakama iliposema huna ushahidi wa jambo fulani. Je, unao? Ukiwa nao, nenda, maana sisi wa rufaa tunaanza upya na mambo yenyewe, si sheria tu. Ukiwa huna, utalipa wakili akasikilize jambo lilelile kwa sauti nyingine. Kinshasa ni tofauti: wale wa Kasasyo hawafungui sanduku la baba yako. Wanaangalia kama sheria ilifuatwa, na wakiona haikufuatwa wanaivunja hukumu na kuirudisha kwa majaji wengine wa ngazi ileile. Kwa madai una miezi mitatu tangu kukabidhiwa, na unahitaji wakili wa baraza lao la huko huko.

Kuhusu bahasha, kwa kuwa mtaniuliza: ndiyo, kuna wanaojaribu, na kuna majaji wanaonyoosha mkono. Katiba inasema jaji hayuko chini ya mamlaka nyingine isipokuwa sheria, na kuna siku nilimwona mmoja akiweka simu ndani ya droo na kuifunga kwa ufunguo kabla ya kuingia kutafakari. Kuna siku nyingine niliona vingine. Lakini hukumu iliyonunuliwa mara nyingi inajulikana kwenye sababu zake: inaruka. Inatoka hoja ya kwanza hadi hitimisho bila kugusa karatasi iliyo katikati. Usipoisoma hutaona iliporuka, na wakili wako hatakuwa na pa kuishika.

Familia ile ilishinda nyumba, ila si yote waliyoomba. Walikuwa wamedai fidia ya maelfu ya dola kwa hasara ya kukosa wapangaji muda wote wa kesi. Mahakama ikawapa kiasi kidogo cha faranga, kilichokadiriwa kwa haki na busara, kama inavyofanya pale hasara inapoonekana lakini haijapimwa. Binti mkubwa akanijia kwenye meza yangu uso umevimba.

"Mama, kile chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji. Alikimbia kwa sababu ya kesi. Hawajui?"

Nikamfungulia ukurasa wa tisa. Hakuna mkataba wa upangaji uliowekwa mezani, hakuna risiti hata moja. Akausoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Akauliza yule mpangaji akipatikana, na akikubali kuandika, kama itasaidia. Nikamwambia hapa kwetu imeisha, amuulize wakili wake, na kabla ya yote alipie nakala yake ya hukumu, dirisha la pili kushoto, wanafunga saa tisa.